Hesabu Miraba Kwanza

Ndugu mwanafunzi, fumbo la maneno linauliza: "Mji mkuu wa Burundi." Mkazi wa Bugendana, mkoani Gitega, hatafikiri mara mbili: GITEGA. Lakini ahesabu miraba. Ikiwa sita, sawa. Ikiwa tisa, atazame tarehe ya gazeti, maana kabla ya 2019 jibu lilikuwa BUJUMBURA. Ukiulizwa jina la mji huo zama za ukoloni, andika USUMBURA, miraba minane.

Angalia lugha pia. Mwezi wa saumu kwa Kifaransa ni RAMADAN, herufi saba. Kwetu RAMADHANI, tisa.

Ukiwa na shaka, shika penseli, ujaze kwanza maneno yanayokatiza. Ukibahatisha moja, unaharibu na yote yanayolipitia. Na wakiuliza "mji mkuu wa kiuchumi", hata gazeti la leo linataka BUJUMBURA.