Kitabu cha Kuazima na Malezi ya Mtoto Msomaji

Katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, Mtume Paulo yuko kifungoni na anajua kwamba mwendo wake unakaribia mwisho. Hata hivyo anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu vyake (2 Tim 4:13). Katika waraka huohuo anamkumbusha kijana wake kwamba ameyajua Maandiko Matakatifu tangu utoto (2 Tim 3:15). Aya hizi mbili zinatuletea swali la somo letu: mtoto anaanzaje kupenda kusoma, hasa yule ambaye kwao hakuna fedha ya kununua kitabu?

Mfano wa Yohane Bosco

Mtakatifu Yohane Bosco alizaliwa mwaka 1815 katika kitongoji cha Becchi, kaskazini mwa Italia. Baba yake alifariki kabla yeye hajatimiza miaka miwili, na mama yake, Margherita, hakujua kusoma. Antonio, kaka yake kwa baba, alikereka kumwona na kitabu mkononi badala ya jembe. Lakini majirani walimhitaji. Wakati wa baridi walikusanyika katika mazizi ya ng'ombe, mahali penye joto, wakamsimamisha juu ya benchi awasomee hadithi.

Alipokwenda kusoma mjini Chieri, alimpata Elia, Myahudi muuza vitabu. Hakuwa na uwezo wa kununua, hivyo kwa kila kitabu alilipa soldo moja, sarafu ndogo, akakisoma na kukirudisha. Kwa namna hiyo alisoma karibu kitabu kimoja kwa siku, mara nyingine hadi kukapambazuka. Baadaye alikiri kwamba kukesha huko kulimdhuru afya, akawaasa wengine walale usiku. Nasi waseminari tulisikie hilo. Mwaka 1853, akiwa padre, alianza kutoa Letture Cattoliche, vijitabu vya bei nafuu kwa watu wa kawaida. Yule aliyekuwa akiazima sasa aliwapatia wengine vitabu.

Kuazima kunafundisha nini?

Kwanza, mtoto anaaminiwa. Tunapomkabidhi kitabu kisicho chake, tunamwambia kwamba tunamtegemea. Pili, anajifunza kutumia muda, kwa maana kitabu kina siku ya kurudi. Kitabu chetu wenyewe twaweza kukiahirisha mwaka mzima. Cha kuazima hutuhimiza tukifungue leo. Tatu, anajua kwamba yupo mwenzake anayekisubiri, hivyo hakunji kurasa wala hakiachi kwenye mvua. Haya yote ni malezi ya dhamiri, hata kama kitabu chenyewe ni hadithi ya sungura na fisi.

Maktaba zilizo karibu nasi

Tanganyika ilitunga sheria ya kuanzisha huduma za maktaba mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Zipo pia maktaba za mikoa. Mzazi anayekwenda mjini sokoni anaweza kupitia huko na mwanawe.

Walio mbali na mji wanategemea parokia. Parokia nyingi zina vitabu vya Ndanda na Peramiho, maisha ya watakatifu, hadithi na vitabu vya shule. Mara nyingi vimo kabatini, na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Tunasema, "Watoto watavichana." Ni kweli, vingine vitachanika na vingine vitapotea. Lakini vilivyofungiwa navyo huliwa na mchwa, bila kumfaidia mtu yeyote.

Hatuhitaji mengi. Linatosha daftari moja lenye jina la mtoto, jumuiya yake, kitabu na tarehe. Kabati lifunguliwe kila Dominika baada ya Misa ya watoto, chini ya uangalizi wa katekista au mlezi wa Utoto Mtakatifu. Kitabu kikipotea, tuzungumze na mzazi kwa upole. Tukimtoza mtoto faini asiyoweza kuilipa, tutakuwa tumepoteza kitabu na msomaji pia.

Sisi waseminari tuna wajibu wa pekee. Papa Fransisko, katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, alieleza kwamba awali alifikiria malezi ya mapadre, kisha akaona jambo hilo linawahusu Wakristo wote. Likizo ijayo, kabla ya kuomba vitabu vipya kwa wafadhili, tuutafute ule ufunguo wa kabati.

Maswali ya kutafakari

1. Nani alituazima kitabu chetu cha kwanza, na alituamini kwa nini?
2. Vitabu vya parokia yetu viko wapi sasa, na mtoto akivihitaji afanyeje?
3. Katika jumuiya yetu, ni mtoto gani awezaye kuwasomea wazee wasioona vizuri?