Homa ya Bonde la Ufa na Mnyama wa Kuchinjwa

Ijulikane kuwa homa hii ni maradhi ya mifugo kwanza, kisha humfikia binadamu. Ilitambuliwa karibu na Naivasha, Kenya, mwaka 1930, na virusi vyake vikaelezwa mwaka 1931. Alama yake zizini haifichiki: majike hutupa mimba kwa mfululizo, na wana-kondoo hufa kwa wingi.

Asili ya kuzuka kwake ni mvua. Mayai ya baadhi ya mbu hukaa miaka katika udongo mkavu, na virusi vimo ndani yake. Mafuriko yajapo, mbu huanguliwa wakauma ng'ombe, kondoo, mbuzi na ngamia. Ndivyo ilivyokuwa katika mvua za 1997 na za 2006.

Mbu humwambukiza na mtu pia, lakini wengi hupatwa kwa damu: kwa kuchinja, kuchuna, kuzalisha mnyama, au kushika mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Na maziwa mabichi hayana amani. Ama mtu kumwambukiza mtu, hilo halijathibitika.

Basi hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Ada ya watu ni kuwa mnyama akiwa mahututi huwahiwa kwa kisu, asije akafa kibudu na mali ikapotea. Kwa mnyama aliyevunjika mguu, fikira hiyo ni njema. Kwa mwenye homa hii ni khatari kubwa, maana damu yake huwa imejaa virusi, na hiyo ndiyo humrukia mchinjaji mikononi na usoni. Kuchinja kwa sharia huhalalisha nyama. Hakuondoi maradhi, na sharia hiyo hiyo imekataza mtu kujitia katika maangamizo. Mwisho wa 2006, Idi ya Kuchinja ilikuta homa imekwisha zuka Garissa, na kuchinja kukazuiwa katika sehemu zilizopatwa. Lilikuwa zito kwa wafugaji na wauza nyama, lakini hadi 2007 Kenya ilizika watu zaidi ya 150, na Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania bara, zaidi ya 100.

Mtu huugua baada ya siku 2 hadi 6: homa ya ghafula, kichwa, misuli na viungo kuuma. Walio wengi hupona katika juma moja. Wachache hufifiwa na macho majuma 1 hadi 3 baadaye, na wengine hawaoni tena. Wengine hupatwa na ubongo. Wachache zaidi hugeuka macho manjano, hutapika damu na kutokwa na damu puani na ufizini. Kadiri ya nusu ya hao hufa. Dawa makhsusi hapana, ila hospitali humsaidia mgonjwa. Na asipewe aspirini, kwani huzidisha kutoka damu.

Kinga bora ni kuchanja mifugo kabla ya mvua. Homa ikishaingia zizini, sindano moja ikipitishwa mnyama kwa mnyama huyaeneza maradhi yenyewe. Hapo yapasa kuwazuia wanyama wasihamishwe, na kumwita daktari wa mifugo kabla ya kumwita mchinjaji.