Ukuta Unaopoza Nyumba na Kujaza Sufuria

Saa moja jioni, jijini Dar es Salaam, weka kiganja chako kwenye ukuta wa matofali ya saruji unaotazama magharibi. Jua limekwishazama, lakini ukuta bado una moto. Umekunywa joto la mchana, na usiku unalitema chumbani, feni ikizunguka hadi alfajiri. Ukuta huohuo ukivikwa mimea, majani huukinga na jua, na mvuke yanaoutoa huondoka na sehemu ya joto. Feni hupumzika, na umeme wa Luku, unaolipiwa kabla, huchelewa kwisha.

Wengi huona ukuta wa kijani ni anasa. Kwenye Makumbusho ya Quai Branly mjini Paris, yaliyofunguliwa mwaka 2006, mtaalamu wa mimea Patrick Blanc aliufunika kwa mimea ukuta wa mita za mraba 800 hivi. Mimea hiyo haina udongo. Imeshika kwenye kitambaa kinacholoweshwa na mabomba kwa maji yenye virutubisho. Ukuta wa namna hiyo una gharama kubwa, na nchini Singapore serikali imewahi kuchangia hadi nusu ya gharama za kupanda mimea ukutani na juu ya paa.

Mwananchi wa kawaida ana njia nyepesi zaidi. Kibera, Nairobi, wakazi hupanda sukuma wiki na mchicha kwenye magunia kando ya milango yao. Mboga ya jioni huchumwa hatua mbili kutoka jikoni, inayozidi huuzwa, na jirani aliyeishiwa hupata fungu.

Namna ya kuanza

*Gunia.* Changanya udongo na samadi iliyooza. Simamisha katikati ya gunia kopo lisilo na kitako, lijaze kokoto, kisha zungushia udongo. Livute kopo juu, lijaze tena, na uendelee hivyo hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto itafikisha maji chini. Toboa ubavuni matundu ya kupandikiza miche.

*Mimea inayotambaa.* Chagua ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua kali la alasiri. Funga waya au fito, ukiacha nafasi ya upana wa kiganja kati yake na ukuta ili hewa ipite na unyevu usidhuru plasta. Panda pasheni au dodoki. Dodoki changa ni mboga. Likikauka ni la kujisugulia bafuni.

Mambo ya kuepuka

Usipande mimea inayong'ang'ania ukutani kwa mizizi kama ukuta una nyufa. Usiache maji yatuame kwenye visahani vya vyungu, maana ndimo mbu wanamozaliana. Pogoa majani ya chini, pabaki peupe, nyoka asipate maficho. Mboga usizimwagilie maji ya mtaro. Ukitaka kutumia maji tena, yanayofaa ni yale yaliyooshewa mchele au mboga.

Kama umepanga, zungumza kwanza na mwenye nyumba, umweleze kwamba waya hautagusa plasta yake.

Panda mwanzoni mwa masika, mvua ikusaidie kumwagilia wiki za kwanza. Dodoki la kwanza likikauka ukutani, usilitupe kabla ya kulikung'uta: mbegu zake zinatosha nyumba nyingi za mtaa wako. Wagawie majirani.