Hewa Nzito: Kwa Familia za Waswahili Zinazoishi Jirani na Mabomba ya Hewa Ukaa Texas

Aliyekulia Goma hahitaji kuelezwa mazuku ni nini. Ni vile vishimo na vibonde vya kando ya Ziwa Kivu ambamo mbuzi hushuka kula majani na asipande tena, na mtu aliyejilaza chini hukutwa asubuhi amekufa bila hata mkwaruzo. Kinachoua humo ni hewa ukaa inayopenya kutoka ardhini. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hujikusanya bondeni kama maji. Haina rangi wala harufu.

Hapa Texas hewa hiyohiyo inapita kwenye mabomba ya chuma chini ya malisho, barabara na mashamba. Tunaandika kijitabu hiki kwa sababu wengi wenu mnakaa au kufanya kazi juu yake bila kujua.

Tangu sheria mpya ya kodi iliposainiwa tarehe 4 Julai 2025, watu wamekuwa wakifika ofisini kwetu na barua za makampuni, vipeperushi vya miradi na maneno waliyoyaokota kazini. Karibu wote wanauliza kuhusu pesa. Tutajibu habari ya pesa, maana ni haki yenu kujua. Lakini swali la nini kifanyike bomba likipasuka usiku watoto wamelala hatujaulizwa, na hilo ndilo linalotunyima usingizi. Tafadhali usikifunge kijitabu hiki kabla ya kufika hapo.

Kwa nini hewa inasukumwa chini

Kisima cha mafuta hakiishi kama kisima cha maji. Mwanzoni mafuta hupanda kwa nguvu ya ardhi yenyewe au kwa pampu. Nguvu ikipungua, kampuni husukuma maji kutoka upande mmoja ili mafuta yasogee upande wa pili. Hata baada ya kazi hiyo yote, mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta hubaki yameng'ang'ania kwenye vitundu vya mwamba. Hapo ndipo hewa ukaa inapoitwa. Ikishindiliwa kwa mgandamizo mkubwa huacha tabia ya hewa, ikawa nzito karibu kama kimiminika. Huko chini huchanganyika na mafuta, yakavimba na kulainika, kisha yakatiririka hadi kisima cha jirani. Hewa inayopanda pamoja nayo hutenganishwa na kurudishwa chini tena.

Kazi hii kwa kiwango cha biashara kubwa ilianza hapahapa, mwaka 1972, katika uwanja wa SACROC, kaunti ya Scurry, si mbali na Abilene ambako familia nyingi za Kikongo zimejenga maisha mapya. Leo Marekani ina takriban maili 5,000 za mabomba ya hewa ukaa. Bomba moja tu, la Cortez, linatoka Colorado hadi Denver City, Texas, maili 500 hivi. Na ieleweke wazi: sehemu kubwa ya hewa inayotumika magharibi mwa Texas haikukamatwa kwenye bomba la moshi la kiwanda chochote. Ilichimbwa kutoka kwenye hifadhi za asili kama McElmo Dome, ilikokuwa imetulia chini ya mwamba. Mtu akikuambia kwamba kila tani inayosukumwa kisimani imeokolewa angani, anakudanganya au amedanganywa.

Habari ya pesa

Kifungu cha 45Q cha sheria ya kodi ya Marekani kinampa nafuu ya kodi mwenye mtambo wa kukamata hewa ukaa. Kwa viwanda, sheria ya mwaka 2022 iliipandisha nafuu hiyo hadi dola 85 kwa tani ikizikwa moja kwa moja, na dola 60 ikitumika kutoa mafuta. Sheria ya Julai 2025 iliondoa tofauti hiyo: kwa mitambo iliyoanza kazi baada ya sheria hiyo, ni dola 85 kwa zote mbili. Yapo masharti ya mishahara ya wajenzi, kiasi cha chini cha tani kwa mwaka, na ujenzi kuanza kabla ya 2033. Hayo waachie wahasibu wa kampuni. Hewa iliyochimbwa kwenye hifadhi za asili haistahili nafuu hii.

Nafuu ya kodi si soko la kaboni, na watu wengi wanachanganya mambo haya mawili. Katika soko, kama lile la Umoja wa Ulaya lililoanza 2005 au la California, serikali huweka kikomo cha uchafuzi, hutoa vibali au kuvipiga mnada, na anayechafua kidogo humuuzia anayechafua zaidi. Kikomo kikibana, bei ya kibali hupanda, na kiwanda huona afadhali kukamata hewa yake kuliko kununua ruhusa ya kuitoa. Texas haina soko la namna hiyo. Basi akija mtu mlangoni kukuuzia hisa ya kaboni ya bomba linalopita nyuma ya nyumba yako, mfungie mlango. Nafuu ni ya mwenye mtambo wa kukamatia, wala si ya mpangaji au jirani. Usitoe namba yako ya hifadhi ya jamii. Usisaini.

Msidhani pia kwamba biashara yenyewe imesimama imara. Petra Nova, mtambo uliojengwa kwenye kituo cha umeme wa makaa karibu na Houston kwa takriban dola bilioni moja, ulianza mwaka 2017 kupeleka hewa kwa bomba hadi uwanja wa mafuta wa West Ranch. Bei ya mafuta ilipoanguka mwaka 2020, ulisimamishwa Mei, na haukuwaka tena hadi Septemba 2023. Moshi wa makaa haukupungua madhara kwa sababu mafuta yameshuka bei. Kilichopungua ni faida ya kuukamata. Tuna hesabu nyingine isiyopendwa kwenye mikutano ya makampuni. Tukichukua mfano wa tani moja ya hewa inayotoa mapipa matatu ya mafuta, na kila pipa likichomwa likatoa kilo 430 hivi za hewa ukaa, mapipa hayo matatu yanarudisha angani kilo 1,290. Watetezi wanasema mafuta hayo yangetoka kwingine hata hivyo. Huenda yote yasingetoka. Sisi hatuoni haki ya kuyaita mafuta safi.

Usiku wa Satartia

Sasa tumefika kwenye sababu ya kijitabu hiki.

Satartia ni kijiji cha Mississippi chenye watu wasiofika mia. Jumamosi tarehe 22 Februari 2020, saa moja jioni, baada ya mvua nyingi, ardhi ya mlimani iliteleza na kulivunja bomba la inchi 24 lililobeba hewa ukaa kwa ajili ya visima vya mafuta. Hewa ikalipuka nje na kushuka bondeni kuelekea kijijini, umbali wa maili moja hivi. Watu walianguka. Wengine walizunguka kama walevi wasijue walipo. Magari yalizimika barabarani, kwa maana injini nayo inahitaji oksijeni kama sisi. Watu 200 hivi walihamishwa na 45 wakafikishwa hospitali. Hakuna aliyekufa, na hilo ni kwa juhudi ya waokoaji walioingia wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni.

Wakaguzi wa serikali kuu walikuta kwamba makadirio ya kampuni hayakuonyesha kuwa hewa ingeweza kufika kijijini, na kwamba waokoaji wa eneo hilo hawakuwa wameandaliwa kwa ajali ya aina hiyo. Usisubiri basi mtu akuandae. Jiandae.

Gesi ya kupikia hutiwa harufu makusudi ili pua ikuamshe. Hewa ukaa ya bomba kwa kawaida haitiwi kitu. Karibu na mpasuko utaona ukungu mweupe wa baridi kali, lakini ukungu ukiisha machoni hewa yenyewe bado ipo na inaendelea kusafiri. Kwa hiyo msiseme hatunusi kitu, na msiseme hatuoni kitu. Dalili utaziona mwilini: pumzi za mbio bila kukimbia, kichwa kinagonga, jasho, maneno yanachanganyika. Hewa tunayovuta ina hewa ukaa asilimia 0.04. Ikifika asilimia 4 ni hatari kwa uhai, na ikifika 10 mtu huzimia ndani ya dakika chache.

Ukisikia mngurumo kama wa ndege upande wa bomba, au ukaona watu na wanyama wanaanguka, panda. Nenda mahali pa juu, kwa miguu, ukikata upepo kwa upande ili utoke kwenye njia yake. Usishuke mtoni, mtaroni, wala chini ya daraja. Usitegemee gari ikiwa hewa imeshafika. Litazimika na kukuacha palepale. Mtoto mbebe begani, kwa sababu kimo chake kinamweka ndani ya hewa nzito wakati wewe bado kichwa kiko juu. Kama huwezi kutoka, panda ghorofa ya juu, funga madirisha, zima kiyoyozi, na ufuate maelekezo ya 911.

Tunarudia, kwa kuwa hapa ndipo watu wema hufa: ukimwona ndugu yako ameanguka bondeni, usimfuate. Tunajua malezi yetu yanakataa. Mzazi atasema siwezi kumwacha mwanangu. Lakini ukishuka unakuwa mtu wa pili aliyelala pale, na waokoaji wana mzigo wa watu wawili. Piga simu ukiwa juu, waelekeze alipo, waje na mitungi. Usishuke.

Kwa vijana wa visimani

Kile kipimo unachobana kifuani ni cha gesi ya salfa yenye harufu ya mayai viza. Hakipimi hewa ukaa. Chenye kupima oksijeni nacho hulia ikishuka hadi asilimia 19.5, na kwa hewa ukaa hilo hutokea ikiwa imeshafika karibu asilimia 7, yaani umeshapita kiwango cha hatari kabla kengele haijalia. Mwombe msimamizi kipimo cha hewa ukaa chenyewe, tena ombi liwe la maandishi. Barakoa ya vumbi haisaidii hata kidogo.

Kwa wenye ardhi, na kwa kila mwenye jembe

Kampuni inaweza kudai kupitisha bomba kwa nguvu ya sheria. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Texas ilisema kujaza kisanduku kwenye fomu hakutoshi kuthibitisha haki hiyo. Mwaka 2017, katika shauri hilohilo la bomba la hewa ukaa, kampuni ilishinda. Tafuta wakili kabla ya kusaini, si baada. Malalamiko ya mabomba ya ndani ya jimbo yapeleke Tume ya Reli ya Texas, ambayo licha ya jina lake haisimamii reli tena bali mafuta, gesi na mabomba.

Kabla ya kuchimba hata shimo la nguzo ya uzio, piga 811 siku mbili za kazi mapema. Ni bure. Hawaulizi hati zako za uhamiaji; wanakuja kuweka alama pale bomba linapopita.

Wiki hii tembea barabara unayoishi utafute vigingi vya mabomba, vilivyoandikwa jina la kampuni, kinachosafirishwa na namba ya dharura. Iandike namba hiyo kwenye mlango wa friji. Waonyeshe watoto mahali pa juu mtakapokutana, mpatembee pamoja mara moja mchana na mara moja usiku. Siku ukipiga 911 na Kiingereza kikakuponyoka, sema Swahili, usikate simu, subiri mkalimani. Akija, taja barabara, kisha herufi zilizo kwenye kigingi: CO2, ndiyo hewa ukaa, hutamkwa si-o-tu.