Raba za Kukimbilia kwa Mwenye Maumivu ya Neva za Miguu

Mnunuzi wa kawaida hukipima kiatu kwa mguu wake. Hukivaa, hutembea hatua chache mbele ya muuzaji, na mguu humwambia kama kinabana au kinapwaya. Mwenye maradhi ya neva hana shahidi huyo, au anaye lakini ushahidi wake umeharibika. Mguu unaowaka moto usiku huweza mchana usiisikie kokoto iliyomo kiatuni. Tena mguu uliopoteza hisia aghalabu hukipendelea kiatu kinachobana, kwa sababu mbano ndio pekee unaoweza bado kusikika, ilhali kiatu cha kipimo sahihi huonekana kwake kuwa kikubwa mno. Kwa sababu hiyo, katika somo hili tunamsihi mlaji apime kwa karatasi, kwa rula na kwa mkono kabla ya kuuomba mguu wake maoni.

Maumivu ya aina mbili

Neva, ambazo wengi huziita mishipa ya fahamu, huuma miguuni kwa njia mbili zilizo mbali, na kiatu hakina uwezo uleule juu ya zote mbili.

Njia ya kwanza ni neva iliyobanwa mahali fulani. Mfano ujulikanao zaidi ni kuvimba kwa neva iliyo kati ya kidole cha tatu na cha nne, hali inayobeba jina la Thomas Morton, daktari wa upasuaji wa Philadelphia, Marekani, aliyeieleza mwaka 1876. Mwenye hali hiyo huhisi kana kwamba amekanyaga kokoto, au soksi imejikunja chini ya wayo. Vidole viwili huchoma au hufa ganzi. Dalili iliyo muhimu kwa mlaji ni kwamba maumivu huzidi ndani ya kiatu chembamba au chenye kisigino kirefu, na hupungua kinapovuliwa. Hapo kiatu chenyewe ni sehemu ya chanzo, na kukibadilisha kwaweza kuwa sehemu kubwa ya tiba.

Njia ya pili ni neva zenyewe kuharibika. Hali hii kwa kawaida hushika miguu yote miwili, huanzia vidoleni na kupanda taratibu kana kwamba mtu anavaa soksi. Chanzo kinachotajwa mno ni kisukari, lakini si peke yake: upungufu wa vitamini B12, unywaji wa pombe wa muda mrefu, ukoma, virusi vya UKIMWI, na baadhi ya dawa, ikiwemo isoniazidi ya kifua kikuu, ambayo kwa sababu hiyo mara nyingi hutolewa pamoja na vitamini B6. Neva iliyoharibiwa na sukari au na upungufu wa vitamini haiponyeshwi na soli, iwe laini namna gani. Kazi ya kiatu hapa ni kuulinda mguu usipate kidonda ambacho mwenyewe hatakisikia.

Wala hatari hiyo si ya kufikirika. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam, akiwemo Dk. Zulfiqarali Abbas, walichapisha taarifa juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Mguu usiosikia meno ya panya hauwezi kutegemewa kusikia mshono wa ndani ya raba. Kidonda kisichouma hukanyagiwa siku nyingi, huingia vijidudu, na mara nyingine mwisho wake ni kukatwa kidole au mguu.

Basi safari ya kwanza ni ya kituo cha afya. Kipimo cha hisia za wayo hufanywa kwa uzi maalumu unaopinda ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Huchukua dakika chache na hakiumi. Atakayekuwa na kidonda, au mguu mmoja uliovimba na kupata joto kuliko mwenzake hata kama hauumi, asiende dukani kabisa. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Kupima nyumbani

Mguu hupanuka kadiri siku inavyokwenda, hususan kwa anayesimama au kutembea sana. Upimaji ufanyike alasiri, mtu akiwa amesimama na uzito wake wote miguuni, amevaa soksi atakazotumia. Karatasi iwekwe sakafuni ikigusa ukuta, kisigino kiguse ukuta, na mtu mwingine achore mzingo wa wayo kwa penseli iliyosimama wima. Mguu wa pili upimwe vilevile, kwani ni watu wachache ambao miguu yao ni sawa kabisa. Kiatu hununuliwa kwa kufuata ulio mkubwa. Kisha mchoro ukatwe kwa mkasi.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokwenda dukani. Soli ya ndani ya raba nyingi hutolewa kwa urahisi. Itolewe, na karatasi ilazwe juu yake. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa watu wengine si kidole gumba, ibaki nafasi ya sentimita 1 hivi, na isizidi 2. Ubavuni karatasi isimwagike nje ya soli. Ikimwagika, raba hiyo ni nyembamba kwa mguu ule, hata kama mvaaji anaapa kwamba imemkaa vizuri.

Namba iliyoandikwa kwenye kiatu ni mahali pa kuanzia tu. Namba zilizozoeleka madukani mwetu, za 39, 40 na 41, hupishana kwa takriban milimita 6.7, zile za Kiingereza, za 6, 7 na 8, hupishana kwa takriban milimita 8.5, na watengenezaji hawalingani hata wanapotumia mfumo mmoja. Lebo iliyoshonwa chini ya ulimi wa raba nyingi huonyesha pia kipimo cha sentimita, na hicho hulinganishwa na rula kwa urahisi zaidi.

Upana ni taabu nyingine. Watengenezaji kadhaa huutaja kwa herufi: kwa wanaume D ni upana wa kawaida, 2E na 4E ni mpana na mpana zaidi, kwa wanawake upana wa kawaida ni B, na D huhesabiwa kuwa mpana. Raba za namna hiyo ni adimu katika maduka yetu, nasi tunafahamu kwamba wengi hutatua shida kwa kununua namba kubwa zaidi. Hatuipendekezi njia hiyo. Kiatu kilichozidi urefu hupindia mahali pasipopinda wayo, na mguu huteleza ndani yake hadi malengelenge yatokee. Afadhali kutafuta raba yenye pua pana na ya juu, ambamo vidole vyaweza kujikunja na kujinyoosha bila kugusa kitambaa, kisha kamba zilegezwe. Penye maumivu juu ya wayo, kamba yaweza kurukishwa tundu moja au mawili ili isipite juu ya neva inayouma.

Ulaini usio na faida

Wauzaji hupenda kuibonyeza soli kwa kidole gumba na kusema, "Angalia ilivyo laini." Ulaini ni jambo jema kwa kiasi. Mtu ambaye nyayo zake hazimwambii sawasawa sakafu iko wapi, akipandishwa juu ya sponji nene na legevu, huyumba, na kwa mzee kuyumba kwaweza kuishia katika kuvunjika nyonga. Soli imlainishie kishindo bila kumnyang'anya uthabiti.

Raba ishikwe kwa mikono miwili na kukunjwa: yafaa ipinde pale vidole vinapoanzia. Ikikunjika katikati kama ndala, iachwe. Isokotwe kama nguo inayokamuliwa: ikisokoteka kwa urahisi, haitauzuia mguu kupinda vibaya kwenye barabara ya vumbi na mawe. Sehemu inayokumbatia kisigino iwe ngumu kiasi cha kutobonyea kwa kidole. Mwenye neva iliyobanwa kati ya vidole hufaidika zaidi na soli ya mbele iliyo ngumu kidogo na kisigino kifupi, kwa kuwa kisigino kirefu huusukuma uzito mbele, palepale panapouma. Zipo pia raba ambazo soli yake imepinda kuelekea juu mbele, mfano wa chini ya mtumbwi. Hizo hupunguza mgandamizo wa sehemu ya mbele ya wayo, lakini huhitaji mtu mwenye mizani nzuri ya mwili. Zijaribiwe kwa kutembea, kugeuka na kupanda ngazi kabla ya kulipiwa.

Baada ya hapo mkono uingie ndani ya kiatu, hadi kwenye pua. Mkono usikie kila mshono, kila tone la gundi lililokauka, kila ukingo. Kile ambacho kiganja kinakiona kuwa ni kero ndogo, mguu wenye ganzi utakigeuza kidonda.

Mtumba, na bidhaa bandia

Hatuwezi kuzungumzia viatu nchini mwetu tukaupita mtumba kana kwamba haupo. Raba nyingi njema zimepatikana Karume kwa bei ambayo duka haliwezi kuitoa. Ila raba iliyotumika imekwisha kuchukua umbo la mguu wa mtu mwingine, na sponji yake huenda imechoka ingawa kitambaa kinang'aa. Iwekwe juu ya meza na kutazamwa kwa nyuma: ikiinamia upande mmoja, iachwe. Mikunjo mingi ya mlalo ubavuni mwa soli ni dalili ya sponji iliyokufa. Lebo ya chini ya ulimi mara nyingi hubeba tarehe ya kutengenezwa. Baadhi ya soli, hususan za poliyurethani, huoza zenyewe kwa unyevu na miaka, na raba isiyowahi kuvaliwa yaweza kumeguka kama mkate mkavu wiki ya kwanza. Kwa mwenye neva iliyobanwa lakini mwenye hisia kamili, mtumba uliokaguliwa hivi waweza kufaa, mradi soli ya ndani ibadilishwe. Kwa aliyepoteza hisia za miguu, tunashauri kiatu kipya, hata kikiwa cha chapa isiyo na jina, mradi kimepita vipimo tulivyovitaja.

Bidhaa bandia ina hatari nyingine kuliko ya kudanganywa jina. Raba bandia huiga sura, si sponji. Chini ya kitambaa kinachofanana mara nyingi pana soli ngumu na gundi iliyomwagika ndani.

Maneno ya tangazo

Mlaji atakutana na viatu na soli za ndani vinavyonadiwa kuwa "vya tiba", vyenye sumaku au vijiwe vya kukanda nyayo, vinavyodai kuponya ganzi na kisukari kwa pamoja. Vijiwe hivyo ni hatari dhahiri kwa wayo usiosikia. Wala si wachuuzi wadogo pekee wanaovuka mpaka. Mwaka 2011 Reebok ilikubali kulipa dola milioni 25, na mwaka 2012 Skechers dola milioni 40, kumaliza mashauri ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kuhusu matangazo yaliyodai kwamba raba zao fulani hukaza misuli kuliko viatu vya kawaida.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo humpa kinga mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara kusudi la ununuzi wake na kutegemea ujuzi wake. Anayetaja jina la chapa tu, akalipa na kuondoka, hajiwekei kinga hiyo. Kwa hiyo mlaji aseme waziwazi, ikiwezekana mbele ya mtu: "Nina maradhi ya neva za miguu, nataka raba ya kutembelea kila siku." Adai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa. Kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" hakimpi muuzaji ruhusa ya kupotosha.

Wiki ya kwanza

Raba mpya ivaliwe nyumbani kwanza, juu ya sakafu safi, saa moja au mbili kwa siku, isipate uchafu wala mkwaruzo. Inapovuliwa, nyayo zitazamwe kwa kioo au na mtu wa nyumbani. Wekundu usiotoweka baada ya nusu saa ni hukumu dhidi ya kiatu hicho, naye mlaji akirudishe pamoja na boksi lake. Soksi nyeupe zafaa zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa tone la damu huonekana juu yake.

Raba iliyofaulu nayo ina mwisho wake. Kadirio lililozoeleka ni kilomita 500 hadi 800. Anayetembea kilomita 4 kila siku hufikia 500 kwa miezi minne hivi. Anayeweza kununua jozi mbili na kuzipokeza hupata muda wa kuzikausha vizuri. Na kila asubuhi, kabla ya kuvaa, kiatu kipinduliwe na kukung'utwa, kisha mkono utangulie kuingia kabla ya mguu.