Kisima Kinacholala



Kiwanda hakiendi bila maji, wala shamba la miwa. Kisima kikikauka pampu husimama, na pampu ikisimama mfanyakazi ndiye wa kwanza kuambiwa arudi nyumbani. Kwa hiyo mambo ya kisima si ya mainjinia peke yao. Tuyasome.

Kisima tulichokizoea kimesimama wima. Pampu inapovuta, maji ya ardhini yanayokizunguka hushuka na kufanya umbo la faneli. Maji yakiwa mengi, hasara ni ndogo. Lakini yakibaki tabaka jembamba tu juu ya mwamba, faneli hufika chini upesi: pampu hunyonya hewa na visima vya jirani hukauka. Karibu na bahari, maji ya chumvi huingia.

Ndiyo sababu watu wakafikiri kukilaza kisima. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Leo Ranney, aliyekuwa injinia wa mafuta, alitumia njia hii kupata maji. Hujengwa shimo pana la zege. Kutoka chini yake husukumwa mabomba yenye matundu, kila upande kama spoki za baiskeli, mpaka ndani ya mchanga wenye maji. Maji huingia polepole katika urefu wote wa mabomba. Kwa kuwa hayavutwi kwa nguvu mahali pamoja, hayashuki sana.

Fikra hii ni ya zamani. Huko Oman wachimbaji walichimba kisima cha kwanza karibu na milima, kisha wakatoboa njia ndefu chini kwa chini, yenye mteremko mdogo, mpaka mashambani. Mfereji huo huitwa falaji. Maji hutiririka yenyewe bila pampu. Wenye haki hugawana kwa zamu za saa. Zamani walipima zamu kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Maji yakipungua, mtiririko hupungua mbele ya macho ya wote, na wote hujua kwamba wapunguze matumizi. Mwaka 2006 UNESCO iliweka falaji tano za Oman katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini pampu za mota zilipoenea, vilichimbwa visima virefu vya wima. Maji ya ardhini yakashuka chini ya njia za falaji, na falaji nyingi zikakauka. Katika pwani ya Batinah maji ya bahari yaliingia visimani na kuharibu mashamba.

Somo ni hili: kisima kinacholala huteka vizuri maji machache yaliyobaki, lakini hakizai maji. Tukiteka kuliko mvua inavyorudisha, nacho kitakauka. Chombo kipya bila mgao wa haki huchelewesha tu siku ya kiu.

Katika kikundi chetu cha masomo tujadili:

1. Kina cha maji ya kisima chetu kinapimwa mara ngapi, na nani huonyeshwa vipimo?

2. Mwajiri akiongeza pampu, visima vya kambi yetu na vya kijiji jirani vitakuwaje?

3. Maji yakipungua, nani apunguziwe kwanza?

4. Anayeshuka shimoni ana kamba, hewa safi na mwenzake wa kumwangalia juu?

Majibu tuyapeleke kwenye kamati ya tawi mapema, pampu ikiwa bado inatoa maji.