Baridi Huua kwa Kiu: Mafunzo Niliyopata Kati ya Ugweno na Kilimanjaro

Nimezaliwa Ugweno, Upare wa Kaskazini, ambako mwezi wa Julai ukungu waweza kukaa hadi mchana na watu wazima wakagombea nafasi karibu na mafiga. Baadaye nikawa mgumu, yaani mbeba mizigo wa Kilimanjaro. Huko na huko, mimea imenifunza mambo haya.

1. Mwinuko ndio unaopanga nani aishi wapi. Kila ukipanda meta 1,000 joto hupungua takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Mwanga mjini maembe yanaiva. Ukikaribia msitu wa Kindoroko, ambao kilele chake kina meta 2,113, mwembe hujaa majani na kuzaa kwa shida. Mgomba wa juu nao huzaa, ila mkungu wake hukawia. Mgomba hauna mbinu yoyote dhidi ya baridi zaidi ya kungoja.

2. Ubaridi si jalidi. Mibuni ya arabika hustawi kwetu kwa sababu kuna ubaridi, lakini umande haugandi. Julai 1975 jalidi iliunguza mashamba ya kahawa ya Paraná, Brazili, na bei ikapaa duniani kote miaka miwili iliyofuata. Usiku wa watu wengine ukawa neema ya wenye mibuni huku.

3. Baridi huua kwa kiu. Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Maji yakiganda katikati ya chembe hai za jani, barafu huyavuta maji yaliyomo ndani ya chembe hizo hadi zikanyauka. Udongo ukiganda, mizizi haiwezi kunywa hata kama maji yamejaa. Ndiyo maana miti mingi ya Ulaya hupukutisha majani kabla ya majira ya baridi. Mbuyu wa tambarare, chini ya milima yetu, hufanya vilevile wakati wa kiangazi, nao haujawahi kuona theluji! Adui ni yuleyule: kukosa maji.

4. Karibu na ikweta baridi kali huja usiku, haisubiri msimu. Katika Bonde la Barranco, Kilimanjaro, karibu meta 3,900, jua la mchana huchoma ngozi na alfajiri maji ya kwenye sufuria huwa yameganda. Mmea hauwezi kupukutisha majani kila jioni, kwa hiyo senesio kubwa za Kilimanjaro zina utaratibu mwingine. Jioni majani yake ya juu hujikunja na kulifunika chipukizi. Majani yaliyokufa hayaanguki. Hubaki yamezunguka shina kama koti. Ndani ya shina kuna kiini laini kinachohifadhi maji, na hayo ndiyo yanayonywewa asubuhi, jua likiwa limeshapanda huku ardhi bado imeganda. Mmea mwingine, lobelia, huweka maji katikati ya majani yake: usiku tabaka la juu huganda, lililo chini hubaki maji, na chipukizi hukaa humo salama. Sijaona fundi wa majengo aliyebuni kitu kizuri zaidi ya hicho.

5. Wanyama nao wamejipanga. Kinyonga mwenye pembe tatu wa Mlima Meru hatagi. Huzaa watoto hai. Mayai yakifukiwa katika udongo wa baridi hukua kwa taabu, lakini mama huyabeba tumboni na kuota jua nayo. Kinyonga wa tambarare hufukia mayai yake ardhini na kwenda zake.

6. Nikirudi kwenye senesio: wewe utakayepanda Kilimanjaro, tafadhali usibandue majani yake makavu, iwe kwa kuwasha moto au kwa kupigia picha. Shina lililovuliwa laweza kuganda, mirija yake ya maji ikaziba, na mmea huo ukafa.